Msimamizi wangu hanijibu, na sasa nataka kuacha uzamivu

Mshauri, shikamoo.

Nimekusoma kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja ningekuandikia. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Utafiti wangu unahusu wauguzi wa zamu ya usiku: namna wanavyokabidhi taarifa za wagonjwa kwa wenzao wa zamu ya asubuhi, na yapi hupotea katika makabidhiano hayo. Mimi mwenyewe nilikuwa muuguzi, na ni mada hii iliyonitoa wodini nikarudi darasani.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Pendekezo la utafiti lilipita, kibali cha maadili kikatoka, nikaingia hospitalini. Nimewahoji wauguzi 38, wengine wakinipa saa nzima baada ya kutoka zamu, macho mekundu kwa usingizi. Rekodi zote nimeziandika neno kwa neno. Nikadhani kazi ngumu imekwisha.

Mambo yaliharibika nilipokabidhi sura ya kwanza ya uchambuzi. Msimamizi wangu ni profesa mwenye jina, anachapisha sana na anasafiri sana. Alinijibu: "Nimeipata. Tutaongea." Hatukuongea. Nilimkumbusha baada ya wiki kadhaa, kimya. Nilipokutana naye koridoni akaniambia nadharia yangu ni nyepesi, nikasome zaidi. Nikasoma, nikaiandika upya sura nzima. Safari hii, tena tukiwa koridoni, akasema nadharia imezidi hadi wauguzi wenyewe hawaonekani. Msimamizi wangu wa pili ni mtu mwema, ila yeye anataka niongeze dodoso nipate takwimu. Kila mmoja ana lake, na wao kwa wao hawazungumzi. Kwenye kompyuta yangu kuna faili linaitwa "sura ya nne mpya", jingine "sura ya nne mpya kabisa", na jingine "sura ya nne ya mwisho USIFUTE". Sijui tena niendelee na lipi.

Siku hizi nafungua kompyuta asubuhi, napanga marejeo kwa alfabeti, nabadilisha ukubwa wa herufi za vichwa vya habari, nafunga. Kwenye semina ya idara mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliniuliza swali jepesi kuhusu sampuli yangu, jambo ninalolijua kama jina langu, nikashindwa kujibu. Nilitoka nikajifungia msalani nikalia. Usingizi haupatikani. Mama yangu kila akipiga simu anauliza, "Unamaliza lini, mwanangu?" Wenzangu niliowaacha wodini sasa ni wakuu wa vitengo.

Halafu kuna suala la makala. Niliandika makala moja kutokana na sehemu ya mahojiano nikamtumia profesa. Huyu ambaye sura yangu hajaisoma, makala aliisoma siku ile ile. Akataka jina lake liwe la kwanza, la pili liwe la mwenzake mmoja ambaye sijawahi hata kumwona, na langu la tatu. Alisema ndivyo inavyofanyika. Nilinyamaza, na makala bado ninayo.

Mwezi ujao natakiwa kujaza ripoti ya maendeleo ya mwaka, na ufadhili wangu umebakiza mwaka mmoja. Naomba uniambie bila kunificha: niache? Nibadilishe msimamizi, hata kama atanichukia na idara nzima ijue? Au ukweli ni kwamba sikuwa na akili ya kufika huku, nilipita kwa bahati tu?

Ni mimi,
Muuguzi Niliyerudi Darasani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu ili usihangaike kulitafuta huko chini. Usiache mwezi huu, na usiijaze ile ripoti kana kwamba mambo ni shwari. Kubadilisha msimamizi kunawezekana, lakini kuna hatua inayotangulia ambayo bado hujaichukua, nami nitakuandikia hata maneno yake. Kuhusu akili, profesa mwenye jina hagombei kukaa mbele kwenye makala dhaifu. Ukimya wake juu ya sura umeuchukua kuwa hukumu ya kazi yako. Kasi yake juu ya makala hukuipa uzito wowote, ilhali ni mtu yule yule, anasoma data zile zile na lugha yako ile ile.

Nimekaa miaka mingi kwenye kamati za masomo ya uzamili na uzamivu, nimesoma barua za malalamiko za wanafunzi na majibu ya wasimamizi wao. Mara nyingi profesa anapoulizwa kwa nini hakusoma sura, jibu linalotoka halihusu ubora wake. Sura ilikuja na kurasa nyingi, haikuuliza swali lolote, haikuwa na tarehe. Jarida linalomwomba apitie makala lina tarehe, mitihani ina tarehe, ndege nayo haimsubiri. Ya kwako ilikuwa inasubiri tu. Simtetei. Kukusoma ni kazi yake, na "Tutaongea" bila kuongea ni kumtupa mwanafunzi. Nakueleza hivi ili uache kujiuliza una kasoro gani kila anaponyamaza.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa uzamivu huambiwa wakiwa wamechelewa. Hadi shahada ya uzamili ulikuwa ukisoma ndani ya ratiba: mhadhara, zoezi, mtihani, alama. Kila baada ya muda mfupi mtu alikuambia umesimama wapi. Uzamivu unakuondolea hayo yote kwa mkupuo, na hakuna anayekutangazia. Shahada hii ya utafiti kama tunavyoijua leo ilikomaa katika vyuo vikuu vya Ujerumani vya karne ya 19, Berlin kikiwa mfano mkubwa tangu kilipoanzishwa mwaka 1810. Mwanafunzi aliambatanishwa na profesa mmoja, akafanya utafiti wake, akatoa tasnifu. Yale ilitoa shahada za kwanza za aina hiyo Marekani mwaka 1861, na Oxford ikaanzisha ya kwake mwaka 1917. Huko Marekani baadaye waliongeza masomo ya darasani, mtihani mkubwa kabla ya tasnifu, na kamati ya wasomaji kadhaa. Mahali pengi kwingine mfumo ulibaki wa mwanafunzi na msimamizi wake, na wewe uko ndani ya huo. Mfumo unaomweka mtu mikononi mwa mtu mmoja humpa raha akipata msimamizi mzuri, na humwacha peke yake akipata mwenye safari nyingi. Upweke ulio nao umejengwa ndani ya mpangilio wenyewe, na kwa hiyo dawa yake nayo iwe ya mpangilio: tarehe, maandishi, na zaidi ya mtu mmoja mezani.

Sasa ile hatua. Mwandikie profesa barua pepe moja, nakala kwa msimamizi wa pili. Isiwe na lawama wala historia ya kungoja kwako. Iwe na kitu anachoweza kukifanya ndani ya dakika chache. Mimi ningeiandika hivi:

"Profesa, habari za kazi. Naomba kikao cha dakika 45 na wasimamizi wangu wote wawili, ana kwa ana au kwa simu ya video. Nimependekeza nafasi tatu hapa chini. Naambatanisha kurasa mbili, si sura nzima: hoja kuu ya sura ya nne, ushahidi wake kutoka kwenye mahojiano, na maswali mawili ninayohitaji tuyaamue pamoja. La kwanza, hoja hii inatosha kubeba sura? La pili, nibaki na mahojiano pekee au niongeze dodoso? Ripoti yangu ya maendeleo inatakiwa mwezi ujao, na ningependa iakisi tutakachokubaliana. Nisipopata jibu kufikia tarehe niliyoitaja, nitamwomba mratibu wa uzamivu atusaidie kupanga kikao. Asante."

Sentensi ya mwisho kabla ya asante usiifute, hata mkono ukitetemeka. Haina matusi. Inamwambia tu kwamba kuna mlango mwingine na unajua ulipo. Kikao kikishafanyika, siku hiyo hiyo waandikie wote wawili muhtasari mfupi: tulikubaliana hivi, nitaleta hiki tarehe fulani, mtanirudishia maoni tarehe fulani, tafadhali nisahihisheni kama nimekosea. Maneno ya koridoni hayana shahidi. Muhtasari unao, na ukija kuhitaji msaada wa mtu wa juu yao ndio utakaoufungua mbele yake.

Zile kurasa mbili ndizo zitakazokutesa, na hapa nataka tukae kidogo. Profesa alisema kwanza nadharia ni nyepesi, kisha akasema imezidi. Umeyachukua kama maneno mawili yanayopingana, ya mtu asiyejua anataka nini. Inawezekana. Ila nimeona mara nyingi maoni haya mawili yakiwa lalamiko moja, kwamba msomaji amefika mwisho wa sura bila kuona mwandishi anadai nini. Sura isiyo na dai ukiiongezea nadharia huelemewa, ukiipunguzia huonekana tupu, na utaiandika upya mwaka mzima bila kumridhisha mtu. Kwa hiyo yaache mafaili yote matatu yalipo. Chukua karatasi, andika sentensi moja inayoanza na "Katika sura hii naonyesha kwamba...", kisha uimalizie kwa jambo ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga.

Mahojiano yako sijayasoma, kwa hiyo nakupa mfano wa umbo tu. "Katika sura hii naonyesha kwamba kinachopotea asubuhi si vipimo, kwa sababu joto na mapigo ya moyo vimeandikwa kwenye chati, bali ule wasiwasi ambao muuguzi wa usiku anao juu ya mgonjwa na hana safu ya kuuandika." Sentensi kama hiyo inaweza kupingwa, na inakuambia mara moja ni mahojiano yapi yaingie na yapi yabaki nje. Inakuambia hata nadharia kiasi gani inahitajika: ile tu ya kueleza kwa nini chati inapokea namba na haipokei wasiwasi. Umekaa wodini. Jambo hili unalijua mwilini kabla hujalijua kwa nadharia, na hapo profesa wako hakufikii. Ukishaipata sentensi, fungua faili jipya, lipe jina kwa tarehe, na yale mengine yaweke kwenye folda moja la kumbukumbu.

Kuhusu dodoso, msimamo wangu uko wazi: usikubali, isipokuwa wakupe sababu nzito kuliko "upate takwimu". Kuongeza dodoso ni kurudi kwenye kamati ya maadili kuomba kibali kibadilishwe, kutengeneza chombo kipya na kukijaribu, kutafuta sampuli nyingine kubwa, kisha kuchambua. Una ufadhili wa mwaka mmoja. Isitoshe, swali lako ni la namna na kwa nini, na maswali ya aina hiyo hujibiwa kwa mahojiano. Mahojiano 38 yaliyoandikwa neno kwa neno ni hazina kubwa kwa utafiti wa aina hii. Kinachoangaliwa ni kama mahojiano ya mwishomwisho bado yalikuwa yanaleta mambo mapya au yalikuwa yanarudia yaliyokwisha kusemwa, nawe unaweza kulionyesha hilo kwenye sura ya mbinu kwa aya mbili. Mwambie msimamizi wa pili, kwa heshima, kwamba utaliweka dodoso kwenye mapendekezo ya utafiti wa baadaye. Kama ni mtu mwema ulivyosema, atakuelewa.

Nije kwenye makala, maana hapo nimekasirika kwa niaba yako.

Umeambiwa "ndivyo inavyofanyika". Katika fani ya afya kuna utaratibu ulioandikwa. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo mwanzo wake ni mkutano wa wahariri uliofanyika Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti manne, na mtu anatakiwa kuyatimiza yote ndipo aitwe mwandishi. Awe amechangia kwa uzito katika wazo au mpango wa utafiti, au katika kukusanya, kuchambua au kufasiri data. Awe ameandika rasimu au ameipitia kwa kina na kuiboresha. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na awe tayari kuwajibika kwa kila sehemu ya kazi hiyo. Kuleta fedha peke yake, au kuwa msimamizi wa jumla peke yake, hakumfanyi mtu mwandishi. Huyo anatajwa kwenye shukrani. Yule mwenzake profesa ambaye hujawahi kumwona, mpime kwa masharti hayo uone kama linabaki hata moja la kumshika.

Profesa mwenyewe ana hoja kiasi. Kama alikusaidia kuunda wazo na akaipitia makala kwa kina, anastahili jina. Lakini la kwanza ni jambo jingine. Kamati hiyo haipangi nani atangulie, inawaachia waandishi wakubaliane wenyewe, na desturi hutofautiana. Kwenye fani nyingi za maabara na tiba, wa kwanza ni aliyefanya kazi yenyewe na wa mwisho ni mkuu aliyeiongoza, na nafasi hiyo ya mwisho ina heshima kubwa. Mpe nafasi hiyo. Mwandikie: "Profesa, jarida ninalolilenga linataka kila mwandishi aeleze mchango wake. Nimeandaa jedwali la michango yetu kutokana na kazi iliyofanyika. Kwa mpangilio huo napendekeza mimi niwe wa kwanza na wewe wa mwisho. Naomba unisaidie kueleza mchango wa mwenzetu ili niuandike kwa usahihi." Majarida mengi sasa yanadai jedwali hilo, na kuna orodha inayotumika sana yenye aina 14 za michango, kuanzia kubuni wazo hadi kuandika na kusimamia. Mtu asiye na mchango huishia na mstari mtupu mbele ya jina lake, na wewe hujamwambia mtu kwamba ni mwizi.

Malizeni hili kabla ya kutuma. Jina likishaingia, kulitoa kunahitaji idhini ya maandishi ya waandishi wote, na mhariri akiona ugomvi kwa kawaida hataamua yeye, atawarudisha kwenye chuo chenu. Kwa hiyo ulivyonyamaza ukakaa na makala, hukupoteza kitu.

Sasa, ikiwa hiyo barua pepe haitazaa kikao, au kikao kitafanyika na mambo yakarudi yalivyokuwa, badilisha msimamizi. Unaogopa atakuchukia. Inawezekana akanuna. Lakini kwenye vyuo vingi hili ni jambo la kawaida lenye fomu yake, na sababu zinazoandikwa ni za kawaida: mwelekeo wa utafiti umebadilika, msimamizi ana majukumu mengi, mwanafunzi anahitaji utaalamu wa namna fulani. Kabla ya kujaza fomu, tafuta kimyakimya mtu atakayekubali kukuchukua, kwa sababu ombi lenye jina la msimamizi mpya hushughulikiwa haraka na ombi lisilo na jina hubaki mezani. Muulize mratibu jinsi data na kibali cha maadili vitakavyohama nawe, maana mara nyingi jina la msimamizi liko kwenye kibali. Njia ya tatu, ambayo watu huisahau, ni kumpandisha msimamizi wa pili awe mkuu na profesa abaki wa pili. Heshima yake inabaki, nawe unapata mtu anayesoma.

Kulia msalani na kukosa usingizi nisingependa yasubiri hayo yote. Nenda kamwone daktari au mshauri nasaha wiki hii. Hauko peke yako, na nakwambia hivyo kwa namba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Biotechnology uliwauliza wanafunzi 2,279, wengi wao wa uzamivu, kutoka nchi 26. Asilimia 41 walionyesha wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali, na asilimia 39 sonona ya kiwango hicho, wakati kiwango cha watu wa kawaida ambacho watafiti hao walilinganisha nacho kilikuwa asilimia 6. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo huenda walioumia zaidi ndio waliojitokeza kwa wingi, na mimi namba hizo nazichukua kwa tahadhari. Ila mwaka mmoja kabla ya hapo watafiti wa Ubelgiji waliwachunguza wanafunzi wa uzamivu 3,659 wa eneo la Flanders, wakakuta takribani mmoja kati ya watatu yuko hatarini kupata tatizo la afya ya akili, kiasi kilichozidi cha makundi mengine ya wasomi waliowalinganisha nao. Wewe ni muuguzi. Mgonjwa akikueleza dalili hizi hungemwambia avumilie hadi atetee tasnifu.

Huo utafiti wa Flanders una jambo jingine linalokuhusu. Hali ya wanafunzi iliendana na mtindo wa msimamizi wa kuongoza, na mzigo wa kazi, na mvutano kati ya kazi na familia. Pia waliojiona wana njia ya ajira nje ya chuo kikuu walikuwa na nafuu. Wewe njia hiyo unayo tayari. Hospitali zinahitaji mtu anayejua kwa ushahidi kwa nini taarifa hupotea zamu zinapopishana. Umejilinganisha na wenzako waliokuwa wakuu wa vitengo kana kwamba wamekupita kwenye barabara moja. Baadhi yao ndio watakaokuita siku moja uwafundishe watu wao makabidhiano.

Kuacha, basi. Sitakwambia ni aibu, kwa sababu si aibu. Marekani, mradi wa Baraza la Shule za Uzamili uliofuatilia wanafunzi wa uzamivu ulikuta kwamba baada ya miaka kumi waliokuwa wamemaliza ni takribani asilimia 57. Waliobaki si wajinga. Wengine walipata kazi, wengine waliugua, wengine waligundua kwamba hawakutaka tena. Ningekuunga mkono mara moja kama ungeniandikia kwamba mada imekufa moyoni mwako. Hukuandika hivyo. Ulipowataja wale wauguzi na macho yao mekundu uliandika kwa uhai ambao haupo kwenye sehemu nyingine ya barua yako. Kilichokuchosha ni kungoja. Na wale watu walikupa saa yao ya kulala wakiamini kwamba maneno yao yatafika mahali. Hilo lisikufunge mnyororo, lakini liweke mezani unapoamua.

Ukihitaji kupumua, ulizia kuahirisha masomo kwa muhula mmoja. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: je, saa ya masomo inasimama, na je, ufadhili nao unasimama au unaendelea kuhesabika? Majibu hayalingani kila mahali, na kuna watu wameahirisha kwa nia njema wakarudi na kukuta fedha zimekwisha. Uliza pia kama kwenu mtu anayeondoka katikati anaweza kupewa shahada ya chini kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Kujua kwamba mlango huo upo humpunguzia mtu hofu, hata asipoutumia.

Mama yako anauliza kwa mapenzi, na swali linakuumiza kwa sababu jibu huna. Mpe hatua badala ya tarehe. Mwambie, "Mama, nimeshamaliza kukusanya, sasa naandika sura ya nne kati ya sita, kisha wataisoma watahini." Idadi ya sura iweke iliyo ya kweli kwako. Na wewe ukumbuke watahini hao wanatafuta nini: mchango mpya unaotetewa kwa ushahidi, kazi ya mtu aliyekomaa kufanya utafiti bila kushikwa mkono. Tasnifu nyingi hupita zikiwa na orodha ya marekebisho. Hakuna anayetarajia kitabu cha maisha yako.

Mwisho ni ripoti ya maendeleo. Ijaze kwa tarehe na matendo, bila vivumishi: "Sura ya nne iliwasilishwa tarehe hii. Maoni ya maandishi hayajapokelewa. Toleo la pili liliwasilishwa tarehe hii. Maoni ya mdomo yalitolewa. Kikao cha pamoja kimeombwa tarehe hii." Usiandike kwamba umekata tamaa wala kwamba profesa hajali. Kwenye sehemu ya mahitaji, omba ratiba ya vikao na muda wa kurudishiwa sura. Mtumie profesa rasimu yake kabla ya kuiwasilisha ili asikutane nayo mezani kwa mkuu wa idara, na mpe nafasi ya kuongeza la kwake. Akikataa kuisaini, mpelekee mratibu hiyo hiyo, bila kubadilisha neno, pamoja na nakala ya barua pepe zako.